Paka Mwenye Kamba

Nyama ya sambusa zangu ni ya ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu katika mji huu wa Isiolo kuna watu ambao bado wanalitilia shaka, na wengine wao nimewalisha tangu hawajaota meno ya pili. Nyama hiyo naichukua asubuhi kwenye bucha iliyo karibu na soko. Aliyechinja ni Mwislamu, aliyesaga ni mwenye bucha mwenyewe nikiwa nimesimama mbele ya mashine yake, na vitunguu navikata mimi kwa mikono yangu. Mimi ni Mkristo, Mmeru, lakini siku nilipofungua kibanda hapa Bulla Pesa nilijua wateja wangu watakuwa akina nani, na sijawahi kununua nyama mahali ambapo jirani yangu Mwislamu asingenunua. Hiyo ndiyo heshima niliyowapa. Sasa nieleze ile niliyorudishiwa.

Paka wangu ni wa ndani. Si kwamba alizaliwa hivyo. Nilimfungia ndani kwa sababu ya yule aliyemtangulia. Ploti ninayokaa ni safu mbili za vyumba vya mabati vinavyotazamana, uwanja katikati, mfereji mmoja wa maji, choo kimoja, na panya wa kutosha kila mpangaji. Mtu fulani alichanganya sumu na dagaa wa omena akaiweka nyuma ya choo bila kumwambia mwenzake. Paka wangu wa kwanza alirudi akijikokota, akaingia chini ya kitanda, na hakutoka tena mzima. Nilipouliza uwanjani ni nani aliyeweka ile sumu, kila mtu alimtazama mwenzake. Mmoja wao ndiye aliyenijibu, tena kwa upole: "Pole sana, lakini hiyo sumu ilikuwa ya panya." Alisema kana kwamba sumu ilikuwa imepewa maagizo yake vizuri, na paka ndiye aliyekuwa mkaidi.

Kwa hiyo huyu wa pili, dume wa rangi ya chai ya maziwa niliyemwokota sokoni, nilimweka ndani na nikaapa hatakanyaga uwanja ule. Nilimpeleka ahasiwe kwa daktari wa mifugo, ambaye alicheka sana kwa kuwa amezoea mafahali. Paka akanenepa. Alikaa dirishani mchana kutwa akiwatazama kuku wa watu, akilia kwa sauti ya chini kama mtoto aliyekatazwa kwenda kucheza. Alirarua pazia. Siku moja nilipokuwa natoka na beseni la unga uliokandwa alinipita katikati ya miguu, na nilimkuta nyuma ya choo, mahali pale pale, akinusa kichwa cha samaki. Nilimnyakua shingoni nikarudi naye ndani, na yeye akanikasirikia mpaka jioni.

Binti yangu anafanya kazi Nairobi. Nilipomweleza kwa simu alisema, "Mum, huyo paka amenona hadi anahema. Atatoroka tu. Mnunulie mkanda wa kifua umtembeze." Nilidhani ananitania. Akanitumia video za watu wa huko mbali wakitembea na paka barabarani, na wiki iliyofuata akanitumia mkanda wenyewe kwenye basi: kitanzi kimoja cha shingo, kingine cha kifua kinachopita nyuma ya miguu ya mbele, vimeunganishwa mgongoni, na hapo juu ndipo kamba inaposhikizwa. Akanionya nisije nikafunga kamba shingoni, kwa maana paka hupanda vitu, na akiteleza atajinyonga.

Mkanda ulikuwa mkubwa, nao ukiwa mkubwa paka anarudi nyuma na kuchomoka. Nikaupeleka kwa fundi wa viatu aupunguze.

"Hii ni ya kambuzi, mama?"

"Ni ya paka."

Akasimamisha sindano. "Paka ya kuuza?"

"Ya kukaa nayo."

Alishona vizuri, lakini alitikisa kichwa mpaka uzi ulipokwisha. Ningekuwa na akili ya kusikiliza, ningesikia pale pale.

Mafunzo nilifanya ndani, kwa subira ambayo wanangu wenyewe hawakuwahi kuipata. Kwanza nilimwachia mkanda auchunguze karibu na sahani yake. Kisha nikamvalisha akiwa anakula. Alianguka ubavu akalala kama maiti, macho wazi, akingoja dunia ijute. Nikampa utumbo wa kuku, akafufuka. Kila siku nilipitisha vidole viwili chini ya mkanda kuona haumbani wala haulegei. Alipozoea kutembea nao chumbani akiburuta kamba, nikamtoa nje kwa mara ya kwanza, asubuhi, kabla mbwa wa mtaani hawajaamka vizuri na kabla pikipiki hazijaanza fujo. Nilimbeba kupita mlangoni, sikumwacha atembee mwenyewe, asije akajifunza kwamba mlango ni wa kukimbilia.

Niseme ukweli, nilifurahi kupita paka. Alikanyaga mchanga akainua mguu, akautikisa, akakanyaga tena. Alitembea tumbo likigusa chini, akanusa kila jiwe, akanusa ukuta, akafika kwenye mwarobaini ulio nyuma ya ploti na kuukwangua kwa kucha mpaka magome yakaruka. Mimi nilishika kamba nyuma yake kwa leso kichwani na malapa miguuni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na sikuona aibu hata kidogo. Pale aliponusa jambo lisilofaa nilivuta kidogo na kumwita, naye akaja. Nilifikiri nimeshinda. Nimepata namna ya kumpa nje yake bila kumpa sumu yao.

Lakini Isiolo ni mji wa mifugo, na watu wa mifugo wana macho yao. Ng'ombe wanaochungwa kule Leparua hawana kamba, wanajulikana kwa alama, na mwenyewe anawafuata nyuma na fimbo yake. Kamba huingia siku mnyama anapotengwa na wenzake. Ama anaburutwa kwenda sokoni, ama anafungwa uwanjani mwa nyumba, analetewa majani na maganda ya viazi mpaka anone, halafu sikukuu inafika. Kila mtoto wa hapa anajua maana ya kondoo aliyefungwa mlangoni. Sasa hapo mlangoni pangu, mahali panapouzwa vitu vya nyama ya kusaga, wakaona mnyama mnene, amefungwa kamba, analishwa kwa mkono asubuhi na jioni. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Watu wakahesabu moja na moja.

Mimi sikujua lolote. Ramadhani ndiyo mavuno yangu. Siku za kawaida nauza, lakini mwezi ule nakaanga mpaka mikono inanuka mafuta usingizini. Mwaka huo foleni haikuja. Walikuja wachache, tena wapita njia. Nilidhani ni hali ya uchumi, kila mtu anaisingizia. Nikaonja sambusa mwenyewe, chumvi iko, pilipili iko. Nikabadilisha mafuta. Kila jioni sinia lilirudi ndani na sambusa zake.

Nina jirani mlango wa pili, mwanamke wa Kiborana, mjane kama mimi. Mtoto wake wa mwisho nilimpokea mimi, kwa mikono hii, kwa kuwa gari la hospitali lilikawia. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyelala kwangu msiba wote. Kila Ramadhani nampelekea sahani ya sambusa kabla ya adhana, na sahani yangu hairudi tupu; inarudi na tende, au maziwa ya ngamia kwenye kikombe. Jioni ya siku za mwanzo za mfungo ule nilipeleka sahani kama kawaida. Binti yake akairudisha kabla sijaosha mikono. Sahani ilikuwa imefunikwa kitambaa vile vile, na chini yake sambusa zote, hakuna iliyoguswa.

"Mama anasema asante sana. Anasema leo hatuna njaa."

Nyumba nzima imefunga tangu alfajiri, jua la Isiolo limewakausha, adhana inaadhiniwa, na hawana njaa. Nilisimama na ile sahani mpaka binti akaingia kwao.

Aliyenifumbua macho ni dereva wa boda mmoja, asiyefunga Ramadhani, aliyezoea kunywa chai kwangu. Alikuja asubuhi iliyofuata, akakaa kwenye benchi na wenzake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mathe, leo ni ng'ombe ama ni ile ya kulia nyau?" Wakacheka wote. Nilimnyang'anya kikombe kabla hajamaliza chai, nikaimwaga chini mbele ya viatu vyake, nikamwambia aondoke. Alipoona sicheki ndipo akanieleza, akiwa anarudi nyuma kuelekea pikipiki yake: eti mtaa mzima unajua, eti paka ananoneshwa, eti yule wa kwanza pia hakuna aliyeona kaburi lake.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Paka wangu wa kwanza wamemuua wao, kwa sumu yao, nikamzika mwenyewe kwa jembe la kuazima kule nyuma ya mwarobaini, na sasa kifo chake kimekuwa ushahidi dhidi yangu. Na huyu wa pili, niliyemfunga mkanda ili wasimuue, mkanda wenyewe ndio umekuwa kesi. Nikavua aproni nikaenda mlango wa pili.

"Salaam aleikum," nikasema, kwa maana hasira haikunivua adabu.

"Aleikum salaam, dada. Karibu."

"Sikai. Nataka uniambie kwa nini sahani yangu ilirudi na sambusa."

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. "Watu wanaongea, dada."

"Watu gani? Hapa nakuona wewe peke yako."

"Ile paka. Umeifunga kamba. Unaipatia matumbo ya kuku, unaipatia maziwa, imekuwa kama kondoo ya Idd. Mtu anafunga mnyama namna hiyo ya nini?"

"Nampenda."

"Mnyama unaipenda unaiacha itembee."

"Nikimwacha atembee atakula sumu yenu."

"Hiyo ni ya panya," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, "Na kwa dini yetu paka hafungwi. Kuna mwanamke aliadhibiwa sababu ya paka aliyeifunga."

"Najua kisa hicho. Ulinisimulia wewe mwenyewe. Aliadhibiwa kwa kumfungia bila chakula. Mimi nimemnyima nini?"

"Si hiyo ndiyo shida? Unailisha sana."

Nikamtazama. Kulisha ni kosa, kutolisha ni dhambi. Mlango wa kutokea sikuuona. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni. "Wewe unaamini?"

Akatupa kijiwe kutoka kwenye mchele. "Mimi sijasema naamini. Nimesema watu wanaongea."

Hapo ndipo paliponiuma. Yule dereva ni mtu wa kupita, anaweza kucheka na paka wa Mmeru na kesho akacheka na ngamia wa Msomali. Lakini huyu alinijua jikoni na chumbani. Alikuwa na haki ya kusimama uwanjani na kusema, huyu namjua, nyamazeni. Maneno machache tu. Akachagua mchele.

Mwenye ploti alikuja kutoka Chechelesi siku ya pili, baada ya kuitwa na sijui nani, akawekewa kiti cha plastiki katikati ya uwanja na wapangaji wakamzunguka. Alianza kwa methali. Alisema wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui ni nani aliyeitunga methali hiyo, lakini hakuwahi kuuza chakula. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia amwite mwenye bucha, labda yeye atamsikia, kwa maana mimi nilikuwa nimekwisha kumpigia simu na akanikatalia. Mwenye bucha alikuwa amenijibu kwamba yeye anauza nyama, hauzi ushahidi, na kwamba mbele ya bucha yake pia hulala paka, kwa hiyo hataki jina lake litajwe karibu na habari hiyo. Mtu niliyemfanyia biashara miaka yote.

"Mama," akasema mwenye ploti, "mimi sitaki kelele kwa ploti yangu. Toa hiyo kamba, paka ikae kama paka ya watu wengine. Ama kibanda kitoke."

Jambo lenyewe likawa hilo, limewekwa mezani kama vitu viwili vya kuchagua: paka afe, au mimi nisile. Nikasimama.

"Nitatoa kamba leo hii," nikasema. "Lakini kwanza kila mtu hapa anyooshe mkono aseme kwa Mungu wake kwamba chumbani kwake hakuna sumu ya panya, na nyuma ya choo hajaweka."

Jirani yangu wa mlango wa pili akarekebisha ushungi. Mtoto akaanza kulia akanyamazishwa. Hakuna mkono ulioinuka, hata mmoja, na mwenye ploti akakuna kidevu akiwatazama kwa zamu. Nadhani ni yeye tu aliyeona haya mahali pale.

"Basi kamba ibaki," akasema mwishowe. "Lakini paka aonekane. Kila jioni ukikaanga, awe hapo nje watu wamuone kwamba yuko."

Ndivyo nilivyohukumiwa. Kila alasiri nilimvalisha paka mkanda, nikapitisha vidole viwili, nikambeba nje, nikamweka kwenye katoni upande usio na jiko, na mwisho wa kamba nikaufunga kiunoni mwangu asije akasogelea mafuta. Paka alifurahi ajabu. Alipata upepo, alipata harufu, alipata kuku wa kuwatazama kwa karibu. Watu walianza kurudi mmoja mmoja. Hawakuuliza bei kwanza. Waliinama, wakachungulia katoni, kisha wakainuka na kuagiza. Wanaume wenye ndevu walichungulia. Mwalimu wa shule alichungulia. Mama mmoja alisimama akauliza kama huyu ni yule yule au nimeleta mwingine, na ikabidi nimwonyeshe mkia, ambao umepinda mwishoni tangu nilipomwokota. Akaukagua. Baada ya siku kadhaa za kutembea paka akaanza kupungua, na mwingine akaniuliza kwa wasiwasi mbona amekonda, kama vile angependa kujua kilichopungua kimekwenda wapi.

Niliendelea kukaanga. Nina mdomo, wote wanaujua, lakini paka alikuwa nje na alikuwa salama, na nisingeharibu hilo kwa ajili ya kujibu wajinga. Usiku mmoja nilipompigia binti yangu alicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Mum, si umepata ulichotaka?" Nilimkatia simu. Kweli nilikipata. Lakini nilikuwa nimewalisha watu wale kwa mikono yangu kwa miaka, na neno langu halikutosha. Walihitaji kusikia kwa paka.

Jirani yangu alikaa mbali karibu mfungo wote. Tulisalimiana mferejini, habari, nzuri, basi. Sahani sikupeleka tena. Jioni moja ya siku za mwisho, adhana ikiwa karibu na foleni imeshatawanyika, nilimwona anavuka uwanja, ushungi umefungwa vizuri kama mtu aendaye kwa wageni. Akafika mbele ya kibanda. Nilimtazama usoni, nikingoja. Macho yake hayakuja kwangu. Yalishuka kwenye katoni, ambako paka alikuwa anajilamba mguu, yakakaa hapo kidogo.

"Naona iko mzima," akasema.

"Mzima."

"Nipatie za futari, dada. Za watu wanne."

Nikachagua zilizoiva vizuri, sikumpa za pembeni, nikazifunga kwenye karatasi. Alipozipokea alifungua fundo alilokuwa amelifunga pembeni mwa leso, akatoa noti, akaninyooshea. Katika miaka yote ya ujirani wetu sijawahi kushika pesa iliyotoka mkononi mwake, wala yeye yangu. Najua alitegemea niisukume irudi, niseme, wacha hizo, peleka watoto wale. Alikuwa tayari ameanza kutabasamu. Hata mimi nilidhani ndivyo mkono wangu utakavyofanya.

Niliichukua ile noti, nikaiangalia kwenye mwanga kama ninavyoangalia za wateja wote, nikampa chenji yake.